Jinsi ya kutambua na kung'oa 'mlango wa nyuma' katika tarakilishi

MTAFITI mmoja wa sheria katika Chuo Kikuu cha Lund, nchini Uswidi, alipoteza kazi yake baada ya picha zipatazo 3,500 za ngono za watoto kupatikana ndani ya tarakilishi yake ya ofisini mnamo 1999. Jina lake lilipochapishwa, alilazimika kuihama nchi. Ni mwishoni mwa 2004 tu ambapo mahakama ilimwondolea mashtaka, ilipobainika kwamba tarakilishi hiyo ilikuwa ikiendeshwa kutoka mbali kwa programu iitwayo NetBus.

NetBus ni miongoni mwa programu ambazo wataalamu huziita mlango wa nyuma. Virusi hujinakili na kuenea, lakini programu ya aina hii haina haraka. Kazi yake ni kumfungulia mtu wa nje, mithili ya mlango wa uani ulioachwa bila komeo ilhali mwenye nyumba analinda lango la mbele. Aingiaye huweza kusoma barua pepe, kunakili maneno ya siri yanapochapwa, kuwasha kamera au, kama ilivyotokea Lund, kuficha haramu yake katika nyumba ya mwenziwe.

Mnamo Agosti 1998, kikundi cha wadukuzi wa Marekani, Cult of the Dead Cow, kilitoa programu nyingine ya namna hiyo, Back Orifice, iliyolenga Windows 95 na 98. Isipobadilishwa, ilisubiri maagizo kwenye poti nambari 31337, nayo NetBus ikatumia 12345. Fundi wa enzi hizo alizitazama nambari hizo na kujua mara moja kama kuna mgeni. Siku hizi mambo ni magumu zaidi. Milango mingi haingoji kubishiwa hodi, bali yenyewe huwasiliana na bwana wake kupitia poti 443, ile ile inayotumiwa na kurasa za benki. Ukuta wa kinga unaozuia waingiao tu hauoni ajabu yoyote.

Hata hivyo, dalili zipo. Programu ya kukinga virusi iliyojizima na kukataa kuwashwa ni dalili mbaya kuliko tarakilishi kuwa nzito, jambo ambalo aghalabu huletwa na uzee wa mashine. Katika Windows, mtumiaji afunge programu zote, kisha aandike amri netstat -ano katika dirisha la amri. Orodha itakayotokea huonyesha kila mawasiliano yaliyo wazi na, mwishoni mwa mstari, nambari ya programu inayohusika. Nambari hiyo hutafutwa katika Task Manager, na hapo ndipo penye siri: faili hilo limekaa wapi? Kwa mfano, svchost.exe halali hukaa ndani ya System32 au SysWOW64 katika folda ya Windows. Likionekana katika folda ya faili za muda, au herufi zake zikigeuzwa kuwa scvhost, huyo ni mgeni aliyevaa kanzu ya mwenyeji.

Wengi hukosea hapa kwa kulifuta faili papo hapo. Tarakilishi ikiwashwa tena, faili hurudi, kwa kuwa agizo la kuliamsha bado lipo. Kwanza tarakilishi itengwe na intaneti. Kisha ikaguliwe kwa Microsoft Defender Offline, ambayo hufanya kazi kabla Windows haijaamka, hivyo mgeni hapati nafasi ya kujificha. Baadaye programu ya Autoruns, itolewayo bure na Microsoft, huonyesha kila kitu kinachojiwasha chenyewe. Maneno ya siri yabadilishwe kwa kutumia mashine nyingine iliyo safi. Kuyabadilisha kwenye ile iliyoingiliwa ni kumkabidhi mwizi funguo mpya.

Kwa tarakilishi inayotumiwa kwa shughuli za benki, kusafisha hakutoshi. Heri kuhifadhi nyaraka na picha, kuacha programu zote, kisha kufuta diski nzima na kuweka Windows upya kutoka kwa chanzo halali. Nakala za bure za programu ghali, zinazopitishwa kwa diski za flashi, ni njia inayojulikana ya kuingizia milango hii. Lakini hata bidhaa halali huweza kuchafuliwa: mnamo 2017, toleo la 5.33 la CCleaner liliwafikia watumiaji takriban milioni 2.27 likiwa na mlango wa nyuma ndani yake.

Nchini Kenya, sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni humtoza anayeingia katika tarakilishi bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa hivyo, anayeshuku kwamba mashine yake imetumiwa kwa uhalifu asiifute kabla ya kupiga ripoti kwa polisi. Mtafiti wa Lund aliokolewa na ushahidi uliosalia ndani ya tarakilishi ile ile iliyomponza.