Thailand: Masharti ya Ukaazi kwa Wenza wa Kigeni

Ndoa na raia wa Thailand haimpi mgeni haki ya ukaazi moja kwa moja. Huingia nchini kwa viza ya daraja la O, inayomruhusu kukaa siku 90, kisha huomba Idara ya Uhamiaji kibali cha mwaka mmoja kinachohuishwa kila mwaka.

Mume wa kigeni hutakiwa kuthibitisha kipato cha baht 40,000 kwa mwezi, au akiba ya baht 400,000 iliyokaa katika benki ya Thailand kwa miezi miwili. Mke wa kigeni hafungwi na sharti hilo.

Aidha, mwenye kibali hutoa taarifa ya makazi kila siku 90. Akisafiri nje bila ruhusa ya kuingia tena, kibali chake hufutika na taratibu huanza upya.