Si Kila Uvimbe wa Titi Ni Saratani, Lakini Kila Uvimbe Upimwe

Msichana anapogusa kinundu katika titi lake, mara nyingi hukaa kimya. Huogopa kuambiwa kuwa ana saratani, au kwamba titi litakatwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ukimya ndio wenye hatari.

Titi lina tezi zinazotengeneza maziwa, nyuzi zinazozishikilia, na mafuta. Wakati mwingine seli za tezi na nyuzi hizo huongezeka kupita kiasi mahali pamoja na kufanya uvimbe uitwao fibroadenoma. Uvimbe huu si saratani, kwa kuwa hausambai kwenda sehemu nyingine za mwili. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 hadi 35. Kwa kawaida ni wa mviringo, hauumi, na huteleza chini ya vidole. Huathiriwa na homoni za kike, hivyo unaweza kukua wakati wa ujauzito na kusinyaa baada ya hedhi kukoma. Hautokani na kurogwa, wala na kuweka fedha kwenye sidiria.

Hata hivyo, vidole peke yake havitoshi kutoa hukumu. Daktari hupapasa titi, hupima kwa ultrasaundi, na inapobidi huchukua kinyama kwa sindano ili kichunguzwe maabara. Ikithibitika kuwa ni fibroadenoma, uvimbe mdogo huweza kuachwa na kufuatiliwa. Ule mkubwa au unaoendelea kukua huondolewa wenyewe, titi likabaki.

Dalili zisizopaswa kusubiri ni uvimbe mgumu usiosogea, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, na uvimbe wa kwapani. Hapa nchini, wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, ilhali ukigundulika mapema hutibika.

Mkazi wa Mwamapalala aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi, au Bugando jijini Mwanza. Wazazi na waume wanaombwa kuwasindikiza wahusika badala ya kuwaacha na hofu yao. Wengi watarudi nyumbani na habari njema. Wachache watakaokutwa na saratani watakuwa wamewahi matibabu.