Je, samaki aliyelishwa mimea ana faida?

Wiki chache zilizopita mama mmoja mjamzito alinijia kliniki na swali. Jirani yake alikuwa amemwonya asile tilapia wa kidimbwi, eti hulishwa pumba na nyama yake haina kitu. Mama huyo alitaka kujua ukweli, kwani bei ya samaki wa ziwani imemshinda.

Jirani alikuwa na ukweli kidogo, ila si kwa namna aliyodhani.

Huenda wewe pia, msomaji, unamla samaki huyu. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2009 kuwasaidia wakulima kuchimba vidimbwi, amezoeleka mno sokoni. Chakula chake kilitegemea unga wa samaki wadogo, hasa omena. Unga huo ni ghali, kwa hivyo siku hizi huchanganywa soya, mashudu ya pamba au alizeti, na pumba za mahindi au mchele.

Tilapia hana shida na mimea. Huko ziwani hula mimea midogo ya majini, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Wanga humpa nguvu, nayo protini ikabaki kwa kujenga misuli. Samoni anayefugwa Norway ni tofauti, maana kwa asili hula samaki wenzake. Ukimpa wanga mwingi, sukari hukaa juu katika damu yake kwa saa nyingi, karibu kama mgonjwa wa kisukari, na soya nyingi humletea uvimbe wa utumbo.

Hata hivyo, si kila mmea unafaa hivi hivi. Soya mbichi ina kemikali inayozuia kimeng'enya cha kusaga protini, kwa hivyo ni lazima ipitishwe motoni. Mahindi yana upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na soya ina upungufu wa methionini. Moja ikikosekana, nyingine haziwezi kujenga mwili. Samaki huzichoma na kutoa uchafu wake kwa mashavu kama amonia. Hapo hukua polepole huku maji yakichafuka. Mtoto anayelishwa ugali mtupu hudumaa kwa njia iyo hiyo.

Ukungu nao ni hatari. Mnamo 1960 samaki wengi aina ya trauti waliofugwa Marekani walipatikana na saratani ya ini. Baadaye iligunduliwa kwamba mashudu ya pamba waliyolishwa yalikuwa na aflatoksini, sumu ile ile iliyowaua Wakenya 125 mwaka 2004. Mfugaji anayehifadhi chakula mahali penye unyevu anacheza na moto.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tilapia aliyelishwa mimea iliyotayarishwa vyema ana protini nzuri, karibu sawa na wa ziwani. Kinachobadilika ni mafuta. Mafuta ya samaki hufuata alichokula, na hapa ndipo jirani alipokaribia ukweli. Mtoto aliye tumboni huhitaji mafuta ya omega-3, hasa aina ya DHA, ili kujenga ubongo na macho. Tilapia anaweza kujitengenezea kiasi kidogo, lakini mafuta ya alizeti, pamba na mahindi karibu hayana malighafi yake. Kule Scotland, mafuta hayo katika samoni wa kufugwa yalipungua kwa nusu kati ya 2006 na 2015, kwa sababu ya kulishwa mimea zaidi.

Je, wafugaji warudie unga wa omena? Mimi sioni hivyo. Omena huliwa mzima, mifupa na yote, akatupa kalisi, madini ya chuma, zinki na omega-3 hiyo hiyo. Kumsaga ili alishwe samaki mwingine, ilhali watoto wetu wana upungufu wa damu, ni hasara kubwa. Soya ikitumiwa vyema kidimbwini, omena hubaki kwa sufuria.

Nilimshauri mama aendelee na tilapia wake, ampike kwa mchuzi badala ya kumzamisha katika mafuta ya kukaangia, na mara mbili kwa wiki apike omena waliooshwa vizuri mchanga ukatoka. Akaniuliza kama vichwa vyao pia huliwa. Huliwa.