Lori Tupu Lisizibe Njia: Tusafishe Kompyuta kwa Busara

Kila msomaji aliyewahi kusimama mpakani Busia anaijua adha ya foleni ya malori. Lau kila lori lililokwisha kushusha shehena yake Tororo lingekataa kuondoka uani, biashara ya mji mzima ingekwama. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu ambaye angetupa bidhaa zilizomo dukani mwake ili apate mahali pa kuegesha malori matupu. La kusikitisha ni kwamba katika kompyuta zetu wengi wetu ndivyo tufanyavyo.

Hivi karibuni tulifika katika duka dogo la uchapaji huko Busia, upande wa Uganda. Mwenye duka alikuwa akiwatunzia kina mama wa kikundi cha biashara nakala za hati zao, vikiwemo vile vyeti rahisi vya asili ya bidhaa ambavyo Jumuiya ya Afrika Mashariki huviruhusu kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kompyuta ilikuwa imetangaza kwamba diski imejaa. Naye, kwa kukosa mwongozo, alikuwa amekwisha kufuta hati za mwaka mzima.

"Ningefanyaje, afande?" akatuuliza. "Mashine ilikataa hata kuchapa."

Tulipoichunguza mashine ile, tulikuta mafaili ya kusakinishia programu yamelundikana humo, nayo yamechukua nafasi kubwa kuliko hati zote za kina mama wale. Malori matupu yalikuwa yamebaki uani, na mali imetupwa. Hati zile hazikurudi.

Yafaa ieleweke jinsi jambo hili linavyotokea. Kompyuta inapoongezewa programu au kufanyiwa marekebisho, kwanza hupakua faili la usakinishaji kutoka kwenye intaneti na kuliweka ghalani. Kisha hulifungua na kuipanga programu mahali pake. Baada ya hapo programu hufanya kazi bila kulihitaji tena faili lile. Katika mfumo wa Ubuntu, ghala hilo ni saraka iitwayo /var/cache/apt/archives. Amri ya apt, tangu matoleo ya mwaka 2016, huyafuta mafaili hayo yenyewe ikimaliza kazi. Lakini apt-get huyaacha palepale, yakaongezeka mwezi hata mwezi.

Sisi tuliopitia mafunzo ya kijeshi tulifundishwa kwamba hakuna kitu kinachotolewa stoo kabla ya kuhesabiwa. Basi na hapa tuanze na hesabu. Amri ya du -sh /var/cache/apt/archives itaonyesha ukubwa wa ghala. Ukiridhika, sudo apt-get clean italiondoa rundo lote, na programu zako zitabaki salama. Ile ya sudo apt-get autoclean ina huruma zaidi: huondoa tu mafaili ya zamani yasiyoweza kupakuliwa tena. Lakini tusizichanganye hizo na autoremove, ambayo huondoa programu zenyewe zinazodhaniwa kuwa hazihitajiki; orodha yake isomwe kwa makini kabla ya kukubali.

Wanaotumia Windows nao wapitie mipangilio ya hifadhi, wachague mafaili ya muda na mabaki ya masasisho. Ila hapana budi kutoa onyo: saraka ya C:\Windows\Installer isiguswe kwa mkono. Jina lake hudanganya. Mafaili yaliyomo huhitajiwa programu zinapotengenezwa, zinaposasishwa au zinapoondolewa, na anayeyafuta hujitafutia matata.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mpakani hawana budi kulifikiri. Kwetu data hununuliwa kwa kipimo. Uganda haina pwani, na sehemu kubwa ya intaneti yake hupitia nyaya zinazotua Mombasa. Mwezi Julai 2021 tena, bei ya data iliwekewa ushuru wa asilimia 12, badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Kwa hiyo faili lililokwisha kupakuliwa limekwisha kulipiwa. Kama jirani yako Tororo ana kompyuta yenye toleo lile lile la mfumo na aina ile ile ya mtambo, yanakili mafaili hayo kwenye diski ndogo ya mkononi kabla ya kulifagia ghala. Lori lililoshusha mzigo Busia litashusha tena Tororo, bila nauli ya pili.

Ndugu wananchi, programu ikipotea yaweza kupakuliwa upya. Cheti cha mama muuza mahindi, daftari la ushirika au picha ya marehemu mzee hakuna ghala la ng'ambo linaloweza kuvirudisha. Siku mashine itakapolalamika kwamba imejaa, tuanze uani, wala tusianze dukani.