Kwa nini waandishi wa programu hutaja taarifa kwa majina?

Programu ya kompyuta hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo fanksheni. Kila fanksheni ina kazi yake, na inapoitwa hupewa taarifa za kufanyia kazi hiyo. Chukua mfano wa fanksheni ya kuhamisha fedha:

hamisha(104, 872, 50000)

Je, ni akaunti ipi inayotoa na ipi inayopokea? Mstari wenyewe hausemi. Kompyuta hufuata mpangilio tu: namba ya kwanza inatoa, ya pili inapokea, ya tatu ni kiasi. Mwandishi akikosea akazigeuza mbili za mwanzo, kompyuta hailalamiki, kwa sababu zote ni namba halali. Anayekuja kulalamika ni mwenye akaunti, baada ya kuona salio limepungua.

Lugha nyingi za programu zina dawa yake, nayo ni kuipa kila taarifa jina. Katika lugha ya Python huandikwa hivi:

hamisha(kutoka=104, kwenda=872, kiasi=50000)

Hapa mpangilio haujalishi tena. Hata kiasi kikitangulia, matokeo ni yaleyale. Na mwenzako atakayeusoma mstari huo mwakani ataelewa bila kukuuliza.

Wazo hili si geni. Lugha ya Ada ilikuwa nalo tangu 1983. Python 3, iliyotoka 2008, iliongeza uwezo wa kumlazimisha anayeita fanksheni ataje majina: mwandishi huweka alama ya nyota mbele ya taarifa zinazohusika. PHP, inayoendesha tovuti nyingi duniani, ilisubiri hadi toleo la 8.0 mwaka 2020. Huko hitaji lilikuwa la wazi. Fanksheni yake ya strpos hupokea kwanza maandishi, kisha kinachotafutwa ndani yake. Ile ya in_array hutaka kinachotafutwa kitangulie. Hata wazoefu huchanganya.

Lakini kuna tahadhari. Jina likishatumiwa na wengine, huwezi kulibadilisha hivihivi, kwani programu zao zitakwama. Vilevile, fanksheni inayopokea taarifa moja tu mara nyingi haihitaji jina. Faida kubwa iko pale zinapofuatana taarifa mbili au zaidi za aina moja: akaunti na akaunti, tarehe na tarehe, urefu na upana. Hapo ndipo kosa hupita bila kuonekana.