Printa Isiyochapa: Dalili na Chanzo Chake

Kompyuta zitumiazo mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa miaka mingi ziliunganishwa na printa kwa njia ya mfuatano: biti hupita moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Njia hiyo ingali hai katika printa nyingi za stakabadhi na katika vyombo vya maabara. Mara nyingi printa iliyo nzima hutupwa kwa kudhaniwa mbovu, kumbe kilichokosekana ni mapatano baina ya vyombo viwili. Karatasi yenyewe huonyesha ni mapatano gani.

Karatasi ikibaki nyeupe, waya ndio wa kutazamwa kwanza. Katika kiwango cha RS-232-C, kompyuta hupeleka habari kwa pini ya 2 na kupokea kwa pini ya 3. Printa nyingi hufanya vivyo hivyo. Zikiunganishwa pini kwa pini, pande zote mbili husema wala hakuna usikiao. Dawa ni kebo iliyopishanishwa, pini ya 2 ya upande mmoja ifike kwenye pini ya 3 ya upande wa pili.

Zikitoka herufi zisizosomeka, waya ni mzima ila mwendo haulingani. Kompyuta ipelekayo biti 9600 kwa sekunde haiwezi kueleweka na printa isomayo 4800, kwa kuwa printa huzipima biti kwa wakati usio wake.

Maandishi yakianza vizuri kisha yakawa na mapengo, hesabu ndogo hufafanua. Kila herufi huchukua biti 10, pamoja na ile ya kuanzia na ile ya kumalizia. Hivyo biti 9600 ni herufi 960 kwa sekunde. Printa ichapayo herufi 120 kwa sekunde hulimbikiza 840 kila sekunde. Ikiwa kumbukumbu yake hubeba herufi 2048, itajaa kabla ya sekunde 3, na zinazofuata hupotea. Kwa hiyo printa hutuma msimbo namba 19 kusema «ngoja», na namba 17 kusema «endelea». Waya wa kurudishia habari ukikatika, ombi hilo halifiki.

Mistari ikishuka kama ngazi, sababu ni kwamba Unix humaliza mstari kwa msimbo namba 10 tu, unaosogeza karatasi. Namba 13, urudishao kichwa cha printa mwanzo wa mstari, hauna budi kuongezwa.

Marekebisho hayo, isipokuwa ya waya, hufanywa kwa amri ya «stty». Hata hivyo, katika mifumo mingi mlango wa mawasiliano ukifungwa, maagizo husahauliwa. Yafaa yaandikwe katika programu inayosimamia foleni ya kuchapa. Tena kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha karatasi itazamwe upya. Abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja, hata akifanikiwa, hatajua kipi kilichoponya.