Baga za kunde: Mlo wa jioni usiotaka nyama wala mkaa mwingi

KUNDE ni zao linalostahimili ukame na hulimwa na wakulima wadogo katika mikoa kama Dodoma na Singida nchini Tanzania, na katika maeneo ya Makueni, Kitui na Machakos nchini Kenya. Hata hivyo, mkulima wa kunde hukabiliwa na tatizo lile lile kila msimu. Akishavuna huziuza haraka kwa bei ndogo kwa kuhofia fukusi, na zile zinazobaki nyumbani huliwa kwa mtindo mmoja tu wa kuchemshwa na kuungwa.

Kuchemsha kunde kavu mpaka ziive huchukua muda na hula kuni au mkaa mwingi. Kwa mama anayerudi kutoka shambani au sokoni saa 12 jioni, chakula hicho ni kigumu kupatikana siku ya kazi. Matokeo yake ni kwamba gunia la kunde hukaa ndani likiliwa na wadudu, huku fedha kidogo ya siku ikiishia kwenye robo kilo ya nyama isiyowatosha watoto.

Ipo njia nyingine ya kuzitumia kunde hizo hizo. Zikilowekwa asubuhi na kusagwa mbichi jioni, hutoa baga za mboga zinazoiva kwa dakika kumi tu juu ya kikaango, kwa mafuta vijiko vichache. 

Ndugu wa bajia

Ujuzi huu si mgeni. Wakazi wa Pwani wamekuwa wakila bajia za kunde kwa miaka mingi, na bajia hizo hutengenezwa kwa kunde zilizolowekwa na kusagwa bila kuchemshwa. Afrika Magharibi nako kuna chakula cha aina hiyo kiitwacho akara. Watu waliochukuliwa utumwani walikivusha bahari hadi Brazil, ambako hujulikana kama acarajé. Katika jimbo la Bahia, kazi ya akina mama wanaokiuza mitaani ilisajiliwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 2005 kuwa sehemu ya urithi wa taifa.

Tofauti ya baga na bajia ni umbo na mafuta. Bajia ni donge dogo linalozama katika karai la mafuta. Baga ni pana na bapa, hivyo huiva kwa mafuta ya kupaka tu. Aidha, baga hupokea mboga nyingi zaidi ndani yake, na ikiwekwa katikati ya mkate inakuwa mlo kamili badala ya kitafunwa.

Siri ya kushikamana

Wengi waliojaribu kutengeneza baga za nafaka jamii ya kunde hulalamika kwamba zinavunjika kikaangoni. Sababu kubwa ni kuchemsha kwanza. Kunde ikishachemshwa, wanga na protini yake vimekwisha kuiva, hivyo haviwezi tena kushikana vinapopata moto. Mpishi hulazimika kuongeza yai au unga mwingi.

Kunde iliyosagwa mbichi ni kinyume chake. Wanga na protini huivia ndani ya baga yenyewe na kuishika, bila yai wala unga. Adui anayebaki ni maji. Rojo likiwa jepesi kama uji, baga itasambaa. Kwa sababu hiyo kunde huchujwa vizuri kabla ya kusagwa, na mboga zenye maji hukamuliwa.

Mahitaji

Kwa baga 14 hadi 16, ambazo zinatosha familia ya watu saba au wanane, kinachohitajika ni hiki:

Kunde kavu nusu kilo. Karoti mbili za wastani. Kitunguu maji kimoja kikubwa. Majani ya kunde, mchicha au sukuma wiki konzi mbili. Vitunguu saumu punje tatu. Tangawizi kipande kidogo. Pilipili hoho moja. Giligilani fungu dogo. Binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Na mafuta ya kupikia vijiko vinne vya chakula. Pilipili kali huongezwa na anayeitaka.

Namna ya kutengeneza

Kunde huchambuliwa ili kuondoa mawe na zilizotobolewa, kisha hulowekwa kwa maji mengi asubuhi kabla ya watu kwenda kazini. Saa sita hadi nane zinatosha. Jioni husuguliwa kwa viganja ndani ya maji ili maganda yatoke na kuelea, halafu maganda humwagwa pamoja na maji. Si lazima yaishe yote. Yanayobaki yana nyuzinyuzi zenye faida tumboni, ingawa baga itakuwa na rangi nyeusi kidogo.

Baada ya kuchujwa, kunde husagwa pamoja na vitunguu saumu na tangawizi. Mashine ya mkono ya kusagia nyama inafanya kazi nzuri kuliko zote kwa sababu haihitaji maji. Kinu na mchi navyo vinafaa. Anayetumia blenda aongeze maji vijiko viwili au vitatu tu, na asage kidogo kidogo. Rojo linalotakiwa ni zito, lenye chenga ndogo kama za mchele uliovunjika.

Karoti hukwaruzwa, na kitunguu, hoho na majani hukatwa vidogo sana. Mboga hizo hunyunyiziwa chumvi, huachwa dakika tano, kisha hukamuliwa kwa mkono. Baada ya hapo huchanganywa na rojo, giligilani na binzari. Mchanganyiko ukipigwa kwa mwiko dakika mbili au tatu, hewa huingia na baga huwa laini ndani.

Kikaango au tawa la chapati hupashwa moto wa wastani na kupakwa mafuta kijiko kimoja. Donge la ukubwa wa yai kubwa hubonyezwa kuwa bapa lenye unene usiozidi sentimita moja. Unene huo ni muhimu, kwani baga nene huungua nje huku ndani ikiwa mbichi. Kikaango hufunikwa kwa dakika tano, baga hugeuzwa, na upande wa pili hupewa dakika nne hadi tano. Ili kuhakikisha, mpishi huvunja baga ya kwanza. Ikiwa katikati bado kuna ute au ladha ya ubichi, moto upunguzwe na muda uongezwe.

Baga hizo huliwa ndani ya skonzi, boflo au chapati, pamoja na kachumbari na chatne ya ukwaju au ya embe bichi.

Maharage yasisagwe mabichi

Hapa ndipo penye hatari ambayo kila mpishi anapaswa kuifahamu. Njia ya kusaga bila kuchemsha inafaa kwa kunde, na pia kwa choroko na dengu. Haifai kabisa kwa maharage ya kawaida, hasa mekundu.

Maharage mabichi yana sumu ya asili ambayo haimalizwi na kikaango cha dakika kumi. Punje nne au tano tu ambazo hazijaiva zinaweza kumfanya mtu aanze kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Mwenye maharage pekee anaweza bado kutengeneza baga, lakini ni lazima ayaloweke kwa saa zisizopungua tano, amwage maji hayo, kisha ayachemshe katika maji mapya yanayotokota kwa nguvu angalau nusu saa na kuendelea hadi yaive kabisa. Ndipo ayaponde na kuyashikisha kwa yai au unga. Soya nayo haipaswi kutumika ikiwa mbichi.

Faida mwilini

Gramu 100 za kunde kavu zina protini takribani gramu 23. Kwa kipimo kilichotolewa hapo juu, baga moja hutoa protini karibu gramu 7, yaani inakaribiana na yai moja la kuku. Mtoto akila mbili amepata sehemu nzuri ya mahitaji yake ya siku.

Protini ya kunde ina upungufu wa baadhi ya viini ambavyo nafaka kama ngano na mahindi inavyo, na nafaka nazo zina upungufu wa vile vilivyomo kwenye kunde. Ndiyo maana baga ndani ya mkate au chapati ina lishe bora kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Kunde pia zina madini ya chuma, ambayo mwili huyapokea vizuri zaidi yakiambatana na limao, nyanya au hoho. Kwa upande mwingine, chai hupunguza madini hayo kufyonzwa, hivyo ni vyema inywewe saa moja baada ya mlo.

Kwa anayetaka kuuza

Mama lishe au kijana mwenye kibanda anaweza kuongeza baga za kunde kwenye biashara yake bila mtaji mkubwa. Kilo moja ya kunde kavu, ikiongezewa mboga, hutoa baga zipatazo 30. Ili kujua gharama ya moja, mjasiriamali ajumlishe bei ya kunde, mboga, viungo, mafuta, mkaa na karatasi za kufungia kwa kilo hiyo, kisha agawanye kwa 30. Mkate na kachumbari vihesabiwe kando, na ujira wake mwenyewe usisahauliwe.

Hesabu hiyo itakuwa ya kweli iwapo baga zote zina ukubwa mmoja. Kikombe kidogo cha kahawa kinaweza kutumika kama kipimo, na kifuniko cha mtungi kama kalibu. Rojo bichi huchacha haraka kwenye joto, hivyo muuzaji asage kiasi cha jioni hiyo tu. Lisilotumika lisilazwe bila jokofu.

Anayeuza chakula kilichopikwa papo hapo anapaswa kumwona afisa afya wa eneo lake na kupimwa afya. Kwa upande wa Tanzania, anayekusudia kufunga baga na kuzipeleka madukani atahitaji kufuata taratibu za Shirika la Viwango (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula.

Kutunza kunde hadi bei ipande

Yote haya yanawezekana kama kunde zipo ghalani. Fukusi huanza kuzishambulia zikiwa bado shambani, hivyo zinapaswa kuvunwa mapema na kukaushwa vizuri. Njia rahisi ya kupima ukavu ni kuweka kunde konzi moja na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, kutikisa na kuacha dakika kumi. Chumvi ikinata kwenye chupa, kunde bado zina unyevu.

Zikishakauka, zihifadhiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, maarufu kama PICS. Teknolojia hiyo ilianza kutafitiwa nchini Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde hasa, kabla ya kuenea kwenye mahindi na mazao mengine. Mfuko ukifungwa sawasawa, wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote.

Mkulima mwenye mifuko miwili ya namna hiyo ana uamuzi mkononi mwake. Mmoja unaweza kusubiri bei nzuri ya soko, na mwingine ukawa akiba ya jikoni, nusu kilo kwa kila jioni ambayo nyama haikupatikana.